Karatasi za Umbu Langu



Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini nilinyamaza kwa muda mrefu, nami niliyezoea kuwaandikia habari za majina ya wazee wetu, za nyumba za Malindi na za makaburi yaliyosahauliwa. Jawabu ni kwamba nilikuwa mgonjwa, na ugonjwa huo ukanilazimisha kuitazama habari moja ya ukoo wetu ambayo sikuwahi kuiandika, kwa kuwa ndani yake mna aibu yangu. Nimemwomba idhini mwenye haki katika kisa hiki, naye amenipa. Basi naiandika.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 nilianza kuchoka uchovu usio na sababu. Ngazi tatu za msikiti wa mtaani kwetu hapa Maskati zikawa kama mlima. Nikipiga mswaki, ufizi unatoka damu. Miguuni yakatokeza madoa madogo mekundu kama ya upele, ila hayawashi. Nilikwenda kupima nikidhani ni upungufu wa damu wa uzeeni. Siku mbili baadaye daktari alinikalisha kitako, akanieleza kuwa ni saratani ya damu, lukemia kali. Uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa ambao ndio kiwanda cha damu ya mwanadamu, ulikuwa umejaa chembe changa zisizokomaa, nazo zimezisonga chembe nzima hata zikakosa mahali.

Nikatibiwa kwa dawa kali za tibakemia, awamu mbili. Ramadhani ya mwaka huo ilinipita nikiwa na mrija mwilini, nisiyefunga wala kusimama tarawehe. Maradhi yakarudi nyuma, Alhamdulillah, lakini daktari hakunificha: kwa aina niliyokuwa nayo, uwezekano wa kurejea ulikuwa mkubwa. Tumaini la muda mrefu lilikuwa katika upandikizaji wa seli shina, yaani zile chembe mama zinazozaa damu yote. Uboho wangu ungeuliwa kwa dawa, kisha nipewe mbegu ya uboho wa mtu mwingine. Njia hiyo ilifunguliwa katika miaka ya 1950 na daktari Mmarekani, E. Donnall Thomas, aliyeanza kwa kupandikiza baina ya pacha waliofanana, na mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel.

Mimi sikuzaliwa pacha. Ilipasa atafutwe mtu ambaye alama za mwili wake zinaoana na zangu. Kila mtoto huchukua nusu ya alama hizo kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo kati ya ndugu wawili wa baba na mama mmoja, nafasi ya kuoana kikamilifu ni moja katika nne. Watoto wangu hubeba nusu tu ya zangu. Ama zile orodha za kimataifa za watoaji wa hiari, watu wa asili iliyochanganyika kama yetu, Uarabuni huku na pwani ya Afrika kule, humo ni wachache. Nilicheka kidogo niliposikia hayo. Miaka yote nimewaandikia kwa fahari juu ya mchanganyiko wetu, nami sikujua kuwa siku moja utanifanya niwe mtu adimu wa kupatiwa mwenzi wa damu.

Ndugu zangu wa kiume walikuwa wawili. Mmoja amekwisha tangulia mbele ya haki. Wa pili alipimwa, hakuoana nami. Akabaki umbu langu, aliyeko Unguja.

Kwa vijana wanaosoma: umbu ni neno la wazee wetu kwa ndugu wa kike wa mwanamume, na kwa ndugu wa kiume wa mwanamke. Siku hizi halisikiki sana. Mimi nalipenda, ingawa sikulitendea haki yake.

Nusu ya kisa chetu mnaijua. Baba alitangulia kuondoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, akapitia Mombasa, akakaa Dubai, na baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika warejee, akaingia Maskati. Mwaka 1973 mama akamfuata pamoja na sisi wavulana watatu. Umbu langu, mwenye umri wa miaka 11, akaachwa. Bibi mzaa mama alikuwa amepofuka, hawezi safari, na hapakuwa na mwingine wa kumshika mkono. Mama alimbusu mwanawe kipajini, akamwambia, "Mwakani, inshallah." Nusu hii nimeisimulia mara nyingi, na kila mara nimeisimulia kama kisa cha kadari na siasa kisicho na mkosaji.

Nusu ya pili ni hii. Bibi alifariki mwaka 1984. Umbu langu alikuwa na miaka 22, hajaolewa, na njia ilikuwa imefunguka. Zilizotakiwa ni karatasi tu. Baba alikuwa amekwisha fariki. Mimi ndiye mwana mkubwa, karani wa ofisini, ninayejua Kiarabu cha barua na ninayejua kila mlango wa kubishwa. Mama aliniletea cheti cha kuzaliwa cha bintiye, picha nne, na barua ya udhamini niijaze na kuitia saini. Nikazipanga katika faili la kijani, na faili nikalitia katika mtoto wa meza yangu. Nilikuwa nimeoa karibuni, na nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Nikasema moyoni kwamba nikishajenga chumba cha tatu nitalitoa. Mama akiniuliza, namjibu, "Zipo ofisini, mama, zinashughulikiwa." Kwa matamshi sikusema uongo, kwani ofisini zilikuwepo kweli. Mama alifariki mwaka 1986, angali akingojea. Mwaka uliofuata umbu langu akaolewa huko huko Unguja. Faili likakosa maana, nikalichana vipande vipande.

Mwaka 1998 nilikwenda kuhiji. Kama ilivyo ada yetu, kabla ya kusafiri niliwapigia simu jamaa wote kuwaomba msamaha, naye nilimpigia. Nikamwambia yale maneno tunayoambiana sote: "Nisamehe nililokukosea, la kujua na la kutojua." Akanijibu, "Nimekusamehe, kaka, Mungu akukubalie." Nikapanda ndege moyo mwepesi. Sikujiuliza inakuwaje mtu asamehe asichotajiwa.

Sasa nirudi kwenye ugonjwa. Mwanangu alimpigia shangazi yake bila ya kuniambia. Alikubali kupimwa kabla ya kijana kumaliza maneno. Damu yake ikachukuliwa, ikapimwa, na jawabu likaja: alama zake zinaoana na zangu zote. Watu nyumbani walilia kwa furaha. Mimi nilishikwa na jambo jingine.

Niliwahi kusoma kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1988, lilijuzisha mtu kumpa mwenzake sehemu ya mwili inayojirejesha yenyewe, kama vile damu na ngozi, kwa sharti mtoaji awe na uwezo kamili wa kujiamulia. Nilimwendea shekhe wangu ili moyo upate kutulia. Akanithibitishia kuwa ni halali, kisha akaongeza, "Muhimu ni ridhaa yake." Neno hilo likanikaa. Sisi tuliosoma vyuoni tunajua kuwa ridhaa na radhi ni mzizi mmoja. Nitasemaje kuwa karidhia, hali sijamwambia anayempa ni nani? Wazee walitufundisha kwamba haki za Mwenyezi Mungu hufutwa kwa toba, ama haki za waja haziondoki mpaka mwenyewe asamehe. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na Mola wangu kwa sala na dhikri, na mtoto wa meza ungali umefungwa.

Nilimweleza mwanangu. Akanisihi, "Baba, subiri. Mwambie baadaye, ukishapona. Usije ukaharibu." Alisema kwa mapenzi, na maneno yake yalikuwa na akili. Lakini niliyatambua. Ndiyo yale yale niliyojiambia mwaka 1985: nikishamaliza chumba cha tatu.

Nikampigia siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Nikamsimulia habari ya faili la kijani tangu mwanzo hadi nilipolichana, nikamwambia kwamba akikataa kuja, hana lawama kwangu wala kwa Mungu. Alinyamaza. Nikawa nasikia sauti za wajukuu zake wakicheza uani, na kuku.

Kisha akasema, "Hilo nalijua, kaka, tangu 1985. Mama aliniandikia: karatasi zako ziko mezani kwa kaka yako."

Nikamuuliza, "Mbona hukunambia?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Sikuwa na neno. Akaendelea, "Fomu za viza ujaze wewe mwenyewe, na uzijaze leo. Mengine tutayasema nikifika."

Nilizijaza usiku ule kwa mkono uliokuwa ukitetemeka. Katika miaka yangu yote ya ukarani sikupata kuandika kwa uangalifu kama huo.

Alifika mwishoni mwa Mei, katika joto la Maskati ambalo humpiga mgeni usoni kama mlango wa tanuri. Kwa siku nne alidungwa sindano za kuzifanya seli shina zitoke ubohoni na kuingia katika damu, sindano ambazo humtia mtu maumivu ya nyonga na mgongo. Hakulalamika, ila alikuwa akiinuka kitini kwa kujishika. Siku ya tano alilazwa karibu na mashine. Damu yake ikatoka mkono mmoja, ikachujwa, ikarejea mkono wa pili, kwa muda wa saa kama tano. Mimi wakati huo nilikuwa chumba cha kutengwa, nimemaliza siku sita za dawa za kuuteketeza uboho wangu. Madaktari huzihesabu siku hizo kwa kurudi nyuma hadi kufika sifuri. Siku ya sifuri ndiyo ya kupandikizwa.

Nilitarajia jambo kubwa, chumba cha upasuaji na taa kali. Haikuwa hivyo. Muuguzi aliingia na mfuko mmoja mdogo, rangi yake kama ya damu iliyochanganywa na maji ya matofaa, akautundika, akaufunga kwenye mrija ulioingia kifuani mwangu. Umbu langu alikuwa amesimama nyuma ya kioo, midomo yake ikicheza kwa Bismillahi. Haikutimia saa moja, mfuko ukawa mtupu. Hizo chembe hujua njia zenyewe: huzunguka na damu hadi zikafika mifupani na kukaa. Hakuna daktari anayezionyesha mahali. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya dalili za kuwepo kwa Muumba. Sikumbuki hoja iliyonigusa kama hiyo.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Mdomo na koo vilichubuka hata mate yakawa hayamezeki. Nilikatazwa matunda yasiyomenywa, maua, na wageni. Nilikatazwa pia udongo, kwa sababu ndani yake mna vijidudu vya kuvu vinavyoweza kumuua mtu asiye na kinga. Siku ambazo sikuweza kunyanyuka kutia udhu, hata kutayamamu kwa mchanga kukawa hakuwezekani, na shekhe akanituma habari kuwa asiyepata maji wala udongo husali kama alivyo. Nikasali kama nilivyo, chali, kwa ishara ya macho. Udongo tulioumbwa kwao umekuwa adui yangu, na bado mlango wa sala haukufungwa. Jambo hilo lilinifariji kuliko waadhi nyingi.

Usiku, homa ilipopanda, nilikuwa nikisikiliza Sura ya Yusuf. Nimeisoma tangu nikiwa chuoni, na kila mara nilijiweka upande wa Yaaqub anayelilia mwanawe, au upande wa Yusuf aliyetupwa mbali na kwao. Na sisi wana wa waliohama, nani kati yetu hajioni Yusuf? Usiku wa 12 nilijikuta mahali pengine. Nilikuwa katika safu ya wale ndugu waliomwacha mwenzao, kisha miaka ya njaa ikawapeleka kwake kuomba chakula.

Siku iliyofuata, siku ya 13, ilikuwa Idi Kubwa. Miaka yote umbu langu alinipigia simu siku ya Idi. Idi hiyo alikuja nyuma ya kioo, amevaa kanga mpya. Mwanangu alikuwa amempeleka asubuhi makaburini kwa mama, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tulizungumza kwa simu ya ukutani, kila mmoja upande wake. Akanieleza kuwa kaburi ni jiwe tupu lisilo na jina, kama ilivyo desturi ya huku, na kwamba alikaa hapo mpaka jua lilipokuwa kali. Kisha akasema, "Ya karatasi zangu nimekusamehe, kaka. Nimekusamehe kwa kuitaja. Lakini kungoja kwa mama hakumo mkononi mwangu. Hilo ni la mama na Mola wake."

Sikumwomba zaidi. Alikuwa amesema kweli, na amenipa kilicho chake chote.

Siku ya 17 chembe nyeupe zilianza kuhesabika. Siku tatu mfululizo zikapita kiwango walichokuwa wakikingojea. Uboho wake ulikuwa umeota. Baada ya wiki chache nikatoka, nimevaa barakoa, kichwa hakina hata unywele mmoja. Karibu na siku ya 40 viganja na kifua vilitoka vipele vyekundu vyenye kuwasha. Daktari akanieleza kuwa chembe za mtoaji, zikijikuta katika mwili wasioujua, huweza kuushambulia. Nikaongezewa dawa za kuzituliza. Nilimpigia umbu langu, aliyekuwa amekwisha rejea Unguja, nikamlalamikia. Akacheka sana. "Ziache zikuwashe kidogo, kaka. Mimi nimewashwa miaka 38." Nami nikacheka, na machozi yakanitoka.

Katika kipimo cha siku ya 100, damu yangu ilionekana karibu yote ni ya kwake. Mwenye kuipima bila kuniona angesema ni damu ya mwanamke. Kundi langu la damu lilikuwa A tangu kuzaliwa. Hatimaye likawa O, kama lake. Kinga nilizopata utotoni zimefutika, na ilibidi nichanjwe upya chanjo za watoto wachanga, mzee wa miaka 66 miongoni mwa akina mama na vichanga vyao. Nilipokwenda kubadilisha kadi yangu, karani kijana aliitazama fomu, akasema rekodi yangu inaonyesha A, basi niiache mezani ataishughulikia. Nikavuta kiti, nikamwambia, "Mwanangu, nijazie leo. Nitakaa nikungoje." Akanijazia.

Daktari aliponiruhusu kukaribia udongo, nilikwenda kwa mama. Nilimwambia yote kwa sauti, kama nilivyomwambia bintiye. Sijui jawabu lake, wala sitalijua upande huu wa dunia. Kila baada ya sala namwombea, na naliomba hilo moja. Watu husema imani ilinivusha katika ugonjwa. Ni kweli ilinivusha, lakini haikuniondolea deni. Ilinionyesha tu anayenidai, naye akawa ndiye niliyekuwa nikimhitaji.

Jamaa zangu mlioko Maskati, Dubai, London na kwingineko, nakuombeni mambo mawili. Mwenye afya na umri unaofaa ajiandikishe miongoni mwa watoaji, kwani damu ya watu kama sisi ni adimu na huenda mmoja wetu akaingoja. Na mwenye karatasi ya mtu katika mtoto wa meza, iwe ya mirathi, ya viza au ya ahadi tu, aitoe leo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape afya wagonjwa wetu, na atujaalie kusameheana kwa kutajiana.

Wabillahi taufiki.